Kutelezesha si Kufuta: Ishara ya Kuondoa Vipengee vya Orodha katika Programu za Simu za Kuripoti Ukatili wa Kijinsia Wilayani Tarime na Serengeti

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ishara ya kutelezesha kidole ili kufuta kipengee cha orodha inavyotekelezwa katika programu za simu janja, na namna inavyopaswa kurekebishwa pale ambapo kipengee hicho ni taarifa ya mtoto aliye hatarini. Mfano unaotumika ni programu za kukusanya taarifa za ukatili wa kijinsia, hususani ukeketaji, katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Hoja kuu ni kwamba wepesi wa ishara ya kufuta unapaswa kulingana na kuwapo kwa nakala nyingine ya taarifa. Pale ambapo simu ndiyo yenye nakala pekee, ishara izuiwe. Pale ambapo seva imekwisha kupokea nakala, ishara iwe nyepesi na ufutaji uwe wa kweli. Makala yanafafanua pia viwango vya kiufundi vinavyoamua lini mtelezo uhesabiwe kuwa amri, utata wa neno "futa" katika Kiswahili cha kisheria, na mabaki ya taarifa ndani ya hifadhidata ya simu.

Istilahi muhimu: kutelezesha, kipengee cha orodha, ufutaji, kutendua, taarifa binafsi, ukeketaji, Mara

1.0 Utangulizi

Katika programu nyingi za simu janja, mtumiaji huondoa kipengee cha orodha kwa kutelezesha kidole juu yake kuelekea kushoto au kulia. Ishara hii ilianza kujulikana kwa umma mwaka 2007, simu ya kwanza ya iPhone ilipoingia sokoni. Katika programu yake ya barua pepe, kutelezesha kidole juu ya ujumbe kulidhihirisha kitufe cha kufuta, na ujumbe haukuondoka mpaka kitufe hicho kibonyezwe. Baadaye hatua hizo mbili ziliunganishwa katika programu nyingi: mtelezo mmoja uliokamilika ukawa ndiyo amri yenyewe.

Muungano huo umeokoa muda wa watumiaji wengi. Mtu anayesafisha orodha ya arifa au barua za matangazo hana sababu ya kuulizwa kwa kila barua kama ana hakika. Hata akikosea, hasara ni ndogo, kwa kuwa nakala ya barua hiyo kwa kawaida ipo kwenye seva. Ishara imezoeleka kiasi kwamba maktaba za programu huitoa ikiwa tayari, na msanidi huiweka kwa mistari michache ya msimbo bila kujiuliza orodha yake inabeba nini.

Swali la makala haya linaanzia hapo. Iwapo kipengee cha orodha ni taarifa inayosema kwamba msichana fulani wa kijiji fulani anaandaliwa kukeketwa wiki ijayo, je, mtelezo mmoja wa kidole utoshe kukiondoa? Na iwapo taarifa hiyo imekwisha kuwafikia wahusika, je, iendelee kukaa kwenye simu ambayo ndugu wa msichana huyo anaweza kuishika? Maswali haya mawili yanavutana. La kwanza linataka ufutaji uwe mgumu. La pili linataka uwe mwepesi. Msanidi anayechagua jibu moja kwa orodha nzima atakuwa amemwacha mtu mmoja bila kinga.

2.0 Muktadha wa Tarime na Serengeti

Wilaya za Tarime na Serengeti ziko kaskazini mwa Tanzania. Tarime inapakana na Kenya, na Sirari ndio mji wake wa mpakani. Makao makuu ya Wilaya ya Serengeti ni Mugumu, mji ulio upande wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Miongoni mwa wakazi wa eneo hili ni Wakurya, Wangoreme, Waikoma na Wanata. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 10 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Kwa Mkoa wa Mara kiwango kilikuwa asilimia 32.

Kisheria, ukeketaji wa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 ilipoingiza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu. Adhabu yake ni pamoja na kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi miaka 15. Hata hivyo, mwezi Desemba, shule zinapokuwa zimefungwa, umeendelea kuwa msimu wa hatari. Katika msimu huo wasichana hukimbilia maeneo ya hifadhi, kama kituo cha Masanga wilayani Tarime na nyumba salama ya Mugumu inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women, chini ya uongozi wa Rhobi Samwelly.

Teknolojia ya simu imeingia katika kazi hii kwa njia mbili. Kwanza ni ramani. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, umewatumia watu wa kujitolea kuchora vijiji, njia na makazi ya maeneo ya vijijini ya Tanzania katika OpenStreetMap, ili mtu anayetafuta nyumba ya msichana aliyeomba msaada ajue pa kupita. Pili ni fomu za kielektroniki. Watu wa kujitolea wa vijijini wamefundishwa kutumia simu janja kurekodi na kuripoti matukio ya ukatili kwa programu za familia ya Open Data Kit. Familia hiyo ya programu ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, nchini Marekani, kwa lengo la kukusanya takwimu mahali ambapo mtandao hauaminiki.

Mtiririko wa kazi katika programu za aina hii ni rahisi kuueleza. Mjitolea hufungua fomu, huijaza, huihifadhi kama rasimu, huikamilisha, kisha huituma simu inapopata mtandao. Fomu zote huonekana kama vipengee vya orodha. Baina ya kukamilisha na kutuma panaweza kupita saa kadhaa, au hata siku, ikiwa kijiji hakina mtandao au kifurushi kimekwisha. Katika kipindi hicho simu ya mjitolea ndiyo yenye nakala pekee ya taarifa. Fomu ikifutwa hapo, hakuna ofisi wala seva itakayojua kwamba iliwahi kuwapo.

Hatari ya pili ni ya upande mwingine. Simu ya kijijini mara nyingi si ya mtu mmoja kwa maana kamili. Huazimwa ili kupiga, hupelekwa kuchajiwa kwa jirani, na watoto huichezea. Mjitolea mwenyewe ni mkazi wa kijiji, na huenda ana undugu au ujirani na familia anayoiripoti. Jina la msichana na la mtoa taarifa vikionekana katika orodha, madhara yake yanaweza kumfika msichana, mtoa taarifa na mjitolea kwa pamoja. Kwa hiyo ufutaji ni kinga pia, na kuuondoa kabisa katika programu si suluhisho.

3.0 Ishara inavyotambuliwa na programu

Ili kuona mahali pa kurekebisha, ni lazima kwanza kujua namna programu inavyoamua kwamba mguso ni mtelezo wa kufuta. Katika Android, orodha inayojengwa kwa RecyclerView huunganishwa na kifaa kiitwacho ItemTouchHelper. Kifaa hicho hufuatilia kidole tangu kinapogusa kipengee mpaka kinapoachia, kisha hufanya uamuzi kwa vigezo viwili.

Kigezo cha kwanza ni umbali. Kwa chaguo-msingi, kipengee kikisogezwa kwa nusu ya upana wa orodha, mtelezo huhesabiwa kuwa umekamilika. Kigezo cha pili ni kasi. Kidole kikiachia kikiwa na kasi ya kutosha kuelekea upande uleule, mtelezo huhesabiwa kuwa umekamilika hata kama nusu ya upana haijafikiwa. Kiwango cha chini cha kasi hiyo, kwa chaguo-msingi, ni dp 120 kwa sekunde. Kwa kuwa dp 160 ni sawa na takribani inchi moja, kiwango hicho ni chini ya sentimita mbili kwa sekunde.

Kigezo cha pili husahaulika kwa urahisi. Msanidi anayetaka kuzuia ufutaji wa bahati mbaya huongeza umbali kutoka nusu hadi, tuseme, asilimia 80 ya upana, akidhani kuwa kazi imekwisha. Lakini mkupuo mfupi wa kidole bado utafuta, kwa sababu kasi haikuguswa. Vigezo vyote viwili vinapaswa kupandishwa pamoja. Katika Flutter, kifaa cha Dismissible kina mantiki ya namna hiyohiyo: umbali wa chaguo-msingi ni asilimia 40 ya upana, na mkupuo wa kasi hukamilisha mtelezo bila kusubiri umbali huo. Hata hivyo, Dismissible kina kipengele cha confirmDismiss, ambacho humruhusu msanidi kuamua, kabla kipengee hakijaondoka, kama kiondoke au kirudi mahali pake. Kipengele hicho kina umuhimu katika sehemu ya sita ya makala haya.

Jambo jingine ni utambulisho wa kipengee. Programu ikikumbuka kipengee kwa nafasi yake katika orodha, yaani cha kwanza, cha pili au cha tatu, orodha inaweza kubadilika wakati kidole bado kinateleza. Taarifa mpya ikiingia au mpangilio ukibadilika, nafasi ya tatu itakuwa imeshikwa na taarifa nyingine, na hiyo ndiyo itakayofutwa. Kila taarifa inapaswa kuwa na kitambulisho cha kudumu kinachotolewa inapoundwa. Fomu za Open Data Kit tayari zina kitambulisho cha namna hiyo, na amri ya kufuta ielekezwe kwacho, si kwa nafasi.

Mwisho, ukingo wa skrini una matumizi mengine. Tangu toleo la 10 la mwaka 2019, Android imeruhusu kurudi ukurasa uliopita kwa kutelezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia. Mtelezo wa kufuta unaoanzia ukingoni hugongana na amri hiyo. Mfumo humruhusu msanidi kuomba sehemu ya ukingo iachwe huru, lakini kwa kimo kisichozidi dp 200 kwa kila upande, kiasi kisichotosha orodha ndefu. Matokeo yake ni kwamba mtu anayetaka kurudi nyuma anaweza kufuta, na anayetaka kufuta anaweza kujikuta ametoka.

4.0 Kuteleza, kukosea na kutendua

Donald Norman, katika makala yake ya mwaka 1981 kuhusu uainishaji wa mitelezo ya utendaji, alitenganisha makosa ya aina mbili. Mtu anaweza kukosea nia, yaani akakusudia jambo lisilofaa na kulitenda sawasawa. Anaweza pia kuwa na nia sahihi lakini mkono ukatenda jingine. Aina hii ya pili ndiyo mtelezo. Kidole kinachokusudia kusogeza orodha juu kikaenda kando ni mfano wake.

Dawa iliyozoeleka ya makosa ya kufuta ni kidirisha kinachouliza, "Je, una hakika?" Jef Raskin, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu violesura, alieleza kwa nini dawa hiyo hupoteza nguvu. Mtumiaji anayeulizwa swali lilelile kila mara hujenga mazoea ya kujibu "Ndiyo" kabla hajasoma. Swali na jibu huungana vikawa tendo moja, na ulinzi ukabaki kwa jina tu. Ben Shneiderman naye, mwaka 1983, alihesabu uwezo wa kurudisha nyuma tendo kuwa sifa mojawapo ya msingi ya violesura ambavyo mtumiaji hushika vitu moja kwa moja.

Wahenga wa Kiswahili waliliweka jambo hili kwa ufupi: kuteleza si kuanguka. Kiolesura chema kinampa aliyeteleza nafasi ya kusimama tena. Nafasi hiyo ndiyo kutendua. Programu nyingi huitoa kwa ujumbe mfupi chini ya skrini wenye kitufe cha "Tendua". Lakini muda wa ujumbe huo ni mfupi mno kwa kazi inayojadiliwa hapa. Katika maktaba ya Android, muda mrefu wa chaguo-msingi ni sekunde 2.75. Mjitolea aliyeitwa nje, aliyepigiwa simu, au aliyefuta bila kutambua kwamba amefuta, hawezi kuokolewa na sekunde hizo. Kutendua kwa muda mfupi kunamfaa aliyeona kosa lake papo hapo. Asiyeliona anahitaji tupio, yaani mahali ambapo kipengee kilichoondolewa hukaa kwa muda kabla ya kuteketezwa.

5.0 Utata wa neno "futa"

Kiolesura cha Kiswahili kina tatizo ambalo cha Kiingereza hakina. Kitenzi "futa" kina maana pana. Mwalimu hufuta ubao, mfiwa hufutwa machozi, mamlaka hufuta leseni, na mahakama hufuta kesi. Katika simu, "futa" imekuwa tafsiri ya kawaida ya kuondoa ujumbe au picha. Mtumiaji hupata maana inayokusudiwa kutokana na muktadha.

Katika orodha ya taarifa za ukatili, muktadha wenyewe ni wa kesi. Mjitolea anayesoma "Futa" pembeni ya jina la msichana ana sababu mbili za halali za kulielewa neno hilo. Anaweza kuelewa kwamba nakala itaondoka kwenye simu yake. Anaweza pia kuelewa kwamba shauri lenyewe linafutwa, kama inavyosemwa polisi na mahakamani. Akielewa hivi, ataogopa kusafisha simu yake kwa kudhani kwamba anaua kesi, na majina yatabaki wazi. Kinyume chake, mtu anayetaka shauri lishe anaweza kuamini kwamba kulifuta kwenye simu kumelimaliza, akamshinikiza mjitolea afanye hivyo.

Suluhisho si kutafuta neno geni, bali kutaja kinachofanyika na mahali kinapofanyika. "Ondoa kwenye simu hii" haina utata: kinachoondoka ni nakala, na inapoondoka ni simuni. "Tupa rasimu" inafaa kwa fomu isiyokamilika. Pale ambapo taarifa iliyotumwa ilikuwa na kosa, maneno yawe "Omba marekebisho", kwa sababu mjitolea hana mamlaka ya kuiondoa kwenye seva. Vilevile ujumbe unaofuata mtelezo useme kilichobaki: "Imeondolewa kwenye simu hii. Nakala imepokelewa ofisini." Sentensi hizo mbili fupi humwondolea mjitolea hofu ambayo aikoni ya pipa la taka haiwezi kuiondoa.

6.0 Mtelezo mmoja, hali tatu

Kutokana na yaliyotangulia, ishara moja haipaswi kuwa na matokeo mamoja kwa orodha nzima. Matokeo yategemee hali ya taarifa. Hali hizo ni tatu.

Hali ya kwanza ni rasimu. Fomu imeanzwa lakini haijakamilishwa. Rasimu isiyo na jibu lolote inaweza kuondolewa kwa mtelezo na kutenduliwa kwa ujumbe mfupi. Rasimu yenye majibu iende kwenye tupio linalofunguliwa kwa namba ya siri, ikae humo kwa muda uliopangwa na taasisi, kisha iteketezwe. Muda huo usiwe mrefu, kwa kuwa rasimu nayo ina majina ya watu.

Hali ya pili ni taarifa iliyokamilika ambayo bado haijatumwa. Hapa simu ndiyo yenye nakala pekee, na hapa mtelezo hauna budi kuzuiwa. Kipengee kisogee kidogo ili mtumiaji ajue kwamba mguso umepokelewa, kisha kirudi mahali pake na kuonesha maneno "Bado haijatumwa". Kipengele cha confirmDismiss kilichotajwa hapo juu kinafanya kazi hiyo moja kwa moja. Katika ItemTouchHelper, msanidi hukataza mwelekeo wa kutelezesha kwa vipengee vya hali hii. Zuio hilo linawakinga watu wawili tofauti. Linamkinga mjitolea dhidi ya mkono wake mwenyewe. Linaikinga taarifa pia dhidi ya mtu mwingine aliyeishika simu, kwa hila au kwa nguvu, akitaka ushahidi upotee kabla haujatoka kijijini. Ikibidi taarifa ya hali hii iondolewe, kwa mfano kwa sababu ilijazwa mara mbili, njia iwe ndani ya ukurasa wa taarifa yenyewe, kwa namba ya siri na kwa kuchagua sababu.

Hali ya tatu ni taarifa iliyotumwa na kuthibitishwa na seva kwamba imepokelewa. Hapa mambo hugeuka. Nakala iko mahali salama, na iliyobaki simuni haina faida kubwa ila kumhatarisha msichana. Mtelezo uruhusiwe bila swali, na kipengee kisipelekwe kwenye tupio, bali kiteketezwe. Kwa kuwa hasara ya kukosea ni ndogo na faida ya kufuta ni kubwa, ishara iwe nyepesi kadiri inavyowezekana. Afadhali zaidi, programu ifute yenyewe baada ya kutuma. ODK Collect ina mpangilio wa namna hiyo, na kwa fomu za kawaida haitumii mtelezo kabisa: mtumiaji huingia kwenye ukurasa wa kufuta, huteua fomu kwa visanduku vya tiki, kisha huthibitisha.

Mpangilio huu ni kinyume cha mazoea. Katika maofisi, karatasi iliyokamilisha safari yake ndiyo hutunzwa kwa makini, na rasimu ndizo hutupwa ovyo. Katika simu ya mjitolea, iliyotumwa ndiyo ya kuondolewa mapema na isiyotumwa ndiyo ya kulindwa. Sharti lake ni moja: programu isidanganywe na neno "imetumwa". Kubonyeza kitufe cha kutuma si kupokelewa. Hali ya tatu ianze tu baada ya seva kurudisha uthibitisho wenye kitambulisho kilekile cha taarifa.

7.0 Kinachobaki baada ya kufuta

Kipengee kutoweka katika orodha hakumaanishi kwamba taarifa imetoweka katika simu. Programu nyingi za simu huhifadhi taarifa katika hifadhidata ya SQLite. Kwa kawaida, safu inapofutwa, SQLite huitangaza nafasi yake kuwa huru kutumiwa tena, lakini haifuti maandishi yaliyokuwamo. Mtu mwenye ujuzi na mwenye faili hilo anaweza kuyasoma mpaka yaandikwe juu yake. SQLite ina mpangilio wa secure_delete, unaoandika sifuri juu ya maudhui yaliyofutwa, na amri ya VACUUM, inayojenga faili upya bila nafasi tupu. Kwa orodha inayojadiliwa hapa, mipangilio hiyo ni ya lazima. Picha na sauti zilizoambatishwa nazo ziondolewe pamoja na vijipicha vyake. Usimbaji fiche wa hifadhi ya simu, ambao Android imeutaka kwa simu zote mpya zinazotoka na toleo la 10 na kuendelea, hupunguza hatari kwa simu iliyoibwa ikiwa imefungwa. Haumsaidii mjitolea aliyeshurutishwa kuifungua.

Upande wa pili, ufutaji wenyewe unapaswa kuacha alama. Simu na seva zinapooanisha orodha zao, kukosekana kwa kipengee upande mmoja kunaweza kuwa na maana mbili: kimefutwa, au hakijawahi kufika. Bila alama ya ufutaji, programu inaweza kukirudisha kipengee kilichoondolewa kwa makusudi. Alama hiyo ibebe kitambulisho, wakati, simu iliyotumika na sababu, bila jina la mtu yeyote. Umuhimu wake ni wa kisheria pia. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, izingatie uaminifu wa namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyowasilishwa. Programu inayoweza kuonesha nini kiliondolewa, lini na kwa sababu gani huupa ushahidi huo mguu wa kusimamia.

OpenStreetMap inatoa ulinganisho wenye manufaa. Nyumba au njia ikifutwa katika ramani hiyo, historia yake hubaki, na mchangiaji mwingine anaweza kuirudisha. Utaratibu huo unafaa ramani, kwa kuwa njia haina faragha. Haufai jina la mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na inataka taarifa binafsi zisitunzwe kwa muda unaozidi mahitaji. Kwa hiyo alama ibaki, maudhui yaondoke.

8.0 Watumiaji ambao mtelezo hauwafikii

Ishara ya kutelezesha haionekani. Hakuna alama kwenye orodha inayomwambia mtumiaji mpya kwamba kipengee kinaweza kusogezwa. Kwa mtu anayetumia simu janja kwa mara ya kwanza katika kazi hii, ishara hujulikana kwa kufundishwa au kwa bahati mbaya, na bahati mbaya katika orodha hii ndiyo inayoepukwa. Skrini iliyopasuka, vidole vyenye maji au vumbi, na mikono inayotetemeka huongeza ugumu.

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa maudhui ya wavuti, WCAG, katika toleo la 2.1 la mwaka 2018, unataka tendo lolote linalotegemea njia ya kidole liwe na njia mbadala ya mguso mmoja. Mtumiaji asiyeona anayetumia TalkBack yuko katika hali ya wazi zaidi: katika programu hiyo, kutelezesha kidole kulia au kushoto ni namna ya kuhamia kipengee kinachofuata au kilichotangulia, kwa hiyo mtelezo wa kawaida wa kufuta haumfikii. Kila kipengee kinapaswa kuwa na kitufe kinachoonekana kinachofungua menyu yenye maneno yaleyale, na tendo hilo liandikishwe ili TalkBack ilitaje kwa sauti. Kitufe kifuate masharti yaleyale ya hali tatu. Kikiwa na masharti mepesi kuliko mtelezo, zuio la hali ya pili halitakuwa na maana.

9.0 Hitimisho

Utekelezaji wa ishara ya kutelezesha ili kufuta huonekana kuwa suala dogo la kiolesura, na katika programu nyingi ni dogo kweli. Mfano wa Tarime na Serengeti unaonesha kwamba udogo huo unatokana na kuwapo kwa nakala mahali pengine. Nakala hiyo isipokuwapo, kiwango cha kasi cha dp 120 kwa sekunde ndicho kinachoamua kama taarifa ya msichana itatoka kijijini. Nakala hiyo ikiwapo, taarifa inayobakia simuni ndiyo hatari yenyewe.

Kwa msingi huo, wasanidi wa programu za aina hii wanashauriwa mambo manne. Mosi, matokeo ya mtelezo yaamuliwe na hali ya taarifa, na taarifa isiyotumwa isiondoke kwa mtelezo. Pili, umbali na kasi vipangwe pamoja, na amri ielekezwe kwenye kitambulisho cha kudumu. Tatu, maneno ya Kiswahili yataje kinachoondoka na mahali kinapoondoka, badala ya kuliachia neno "futa" kazi hiyo peke yake. Nne, ufutaji uteketeze maudhui na kuacha alama isiyo na jina. Kwa watafiti, lililo wazi kwa uchunguzi wa uga ni namna wajitolea wenyewe wanavyoyaelewa maneno hayo, hasa wale ambao Kikurya, Kingoreme au Kiikoma ndiyo lugha yao ya kwanza, na Kiswahili cha ofisini wamekijulia polisi na mahakamani.